Kimya Changu Kwenye Mkutano wa Bwawa

Bibi yangu mpenzi,

Nimeolewa. Laiti ungemwona Ambakisye anavyonifunika mwavuli mvua ya Tukuyu ikianza, mwenyewe akilowa na kucheka. Nina furaha hadi naona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Unakumbuka ulivyonifundisha kumkwepa baba mkwe? Tulikuwa tunamenya ndizi za mbalaga. Ukauegemeza ufagio mlangoni ukasema, "Huyu mkweo. Pita." Nikapita nikiutazama. Ukanirushia ganda. "Wewe Tuse, utafukuzwa hata hujapika. Usimtazame, usimtaje, akiwepo sauti yako isisikike." Tulicheka mpaka ukashika mbavu.

Nimekutii, Bibi. Hapo ndipo nilipokukosea.

Wiki iliyopita tuliitwa mkutanoni kuhusu bwawa la umeme wanalotaka kujenga mtoni, chini ya msitu. Mtaalamu akauliza kama bondeni kuna makaburi, yaandikwe kabla ya mpango kupitishwa. Akasimama baba mkwe, maana ndiye mwenyekiti wa kitongoji. "Kule ni nyani tu na migomba iliyoachwa." Watu wakacheka. Hakudanganya. Yeye ni wa ng'ambo ya mto, hajui kwamba umelala kule bila saruji, chini ya isale, mmea wa makaburini, nililolipanda mwenyewe. Tuliobaki tunaojua ni mimi na baba mdogo, naye yuko Dar.

Nikajifunika kitenge usoni. Kutoka benchi la wanaume Ambakisye akanikonyeza, nami nikatabasamu, Bibi. Nilitabasamu huku mtaalamu akiandika kwamba hakuna kaburi.

Jana nilimwambia mume wangu. Akaweka kijiko chini.

"Mbona hukusema?"

"Baba yako alikuwepo."

"Basi nitasema mimi."

"Utawaonyesha wapi? Hujawahi kufika."

Tangu hapo kila anaponishika mkono naona maji yakipanda kwenye migomba yako. Nimekuuza ili nisifiwe kuwa mke mwenye adabu.

Alhamisi mtaalamu anarudi kuchukua sahihi za wanakijiji. Nitasimama nyuma kabisa, nimempa baba mkwe mgongo, macho ukutani, kama siku ile ya ufagio. Ila sauti yangu ataisikia. Nitakutaja kwa jina lako lote, kisha nitawapeleka kwenye isale.

Nisamehe siku hizi nilizokuacha bila jina. Ndaga, asante, Bibi. Usihame.

Mjukuu wako,
Tuse