Nusu Kidonge kwa Mwezi

Mwanangu Tšeliso,

Kama pumzi bado inaingia na kutoka huko chini ya mgodi wa Rustenburg, shukuru, nami nashukuru pamoja nawe. Huku kwetu milimani tu wazima wa kukaa. Wa kuinama na kuinuka usituulize. Watoto wako hawajambo. Mkubwa amepoteza koti la shule, nimeshamchapa kwa maneno. Theluji imeanguka mara mbili, na ng'ombe wako mwekundu amekonda hadi unaweza kumhesabu mbavu ukiwa mlangoni.

Naandika kwa mkono wangu. Ukiona herufi zimelala kama walevi, ni hivi vidole vya baridi yabisi, si kwamba sijui kuandika. Darasa la nne nililomaliza mimi lilikuwa darasa kweli, si haya yenu. Simu sikuitaka. Kwenye simu unafoka, laini inakatika, halafu unabaki huko ukijiona umeshinda.

Umesema mkeo arudi kwao mwezi ukiisha. Umesema nusura amwue mama yako kwa vidonge. Haya, kaa chini usome, na usiruke mistari.

Unajua mwaka juzi viungo vyangu vilivimba hata mwiko ukanishinda. Daktari akanipa vile vidonge vyeupe, prednisoloni, vitatu kila asubuhi. Niliinuka kama ndama! Nikaota na mashavu, wanawake wa kanisani wakawa wananiuliza mwanangu ananitumia nini, nami sikuwakatalia. Baadaye daktari akasema dawa hii si ya kukaa nayo, inakula mifupa na kupandisha sukari, ila haiachwi ghafla. Tutashuka nusu kidonge kwa mwezi, basi. Nusu! Mimi niliyezaa saba bila sindano, nipunguziwe nusu ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi! Na kila tukishuka, wiki ya kwanza magoti yananililia, kisha yananyamaza. Nikamwambia daktari haya si matibabu, ni kumwachisha mtoto ziwa. Akacheka, akasema, "Ndiyo hivyo hasa, Nkhono, bibi yangu, na anaachishwa polepole."

Nesi Nthabeleng wa zahanati akatueleza mimi na mkeo Limpho. Alisema juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza dawa ya namna hiyo hiyo. Ukimeza vidonge muda mrefu, zinalala. Ukiviacha ghafla, zenyewe bado zimelala, mwili unaishiwa nguvu, presha inaanguka, na mtu anaweza kufa. Hata nikitapika au nikipata homa nisiache, nikimbilie zahanati. Limpho akayaandika yote kwenye kalenda ya duka la mbegu. Kila asubuhi aliniletea vidonge kwenye kifuniko, pamoja na bakuli la uji mchachu. Nilimwita askari jela. "Askari jela kaja! Wafungwa wametimia leo?" Hakujibu. Huyo mkeo hajibu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Tulikuwa tumefika viwili kwa siku. Alhamisi ile ya maombi ya akina mama nikavaa sare yangu, kola imenyooka, na katikati ya wimbo miguu ikageuka maji. Nikatapika juu ya viatu vya mke wa mchungaji, vipya, kisha nikaanguka mbele ya watu wote, mimi! Hospitali wakanichoma sindano, wakanitundikia maji, wakauliza dawa nimeacha lini. Nikasema sijaacha. Wakamgeukia Limpho. Ukapiga simu, nawe ukamgeukia Limpho, ukamwita muuaji huku nikisikia, maana sauti yako haihitaji simu kufika hapa.

Nilinyamaza. Wiki tatu nimenyamaza.

Juzi nikamkuta jikoni amemwaga vidonge kwenye sinia. Anahesabu, analamba kidole, anafunua kalenda, anarudi mwanzo. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta siku aliyokosea, kwa sababu lazima ipo. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Tšeliso, alikuwa anatafuta kosa ambalo halimo humo.

Lilikuwa ndani ya kopo langu la ugoro.

Unamjua 'Malineo wa ng'ambo ya ua. Magoti yake ni mabaya kuliko yangu. Kila asubuhi tunakutana uani tunusishane ugoro, na wewe umekulia hapa, unajua ugoro haunyimwi. Akaniona natembea vizuri. Akaanza: "'Matšeliso, una mkamwana msomi na dawa ya hospitali, sisi wenzio tunatambaa. Tangu lini umekuwa mchoyo?" Mchoyo! Mimi! Basi Limpho akigeuka, vidonge vingine nameza, kimoja nakiweka chini ya ulimi, kisha nakitumbukiza kwenye kopo. 'Malineo anakitoa na vumbi lake, anapiga chafya, anameza. Miezi miwili. Nilijiambia daktari mwenyewe anataka nipunguze, basi mimi nampunguzia kazi. Ilipofika wiki ya msiba wa shemeji yake, akasema hawezi kusimama kaburini, nikampa vyote viwili siku nne mfululizo. Siku ya tano ilikuwa Alhamisi.

Sikusema kwa sababu ya aibu, si kwa sababu nyingine. Mwanamke wa umri wangu kuficha kitu mdomoni kama mtoto! Na nilikuwa nimeshamcheka Limpho mbele ya wenzangu kwamba kidato cha tatu hakikumfundisha kuhesabu hadi mbili.

Lakini 'Malineo ana sukari, nami nililijua hilo. Tangu avipate vidonge vyangu alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyelamba chumvi, na vilipokatika akaanza kulegea na kizunguzungu. Jana nikamkokota hadi zahanati nikamwambia Nthabeleng yote. Msichana yule alinifokea, Tšeliso, mimi ninayeweza kumzaa mama yake. Akasema ningetuzika wawili kwa kopo moja. 'Malineo amepelekwa hospitali leo. Sukari imepanda sana, na daktari ndiye atakayeamua naye ashushwe vipi. Mimi nimerudishwa viwili, nitashuka tena upya, nusu kwa mwezi, na viungo vikivimba katikati ya safari tunasimama kwanza. Baridi nzima imepotea bure. Hasira niliyo nayo sijui nimpelekee nani, maana kila nikiinua kidole naona kinanielekea mimi.

Kwa hiyo Limpho haendi popote. Akiondoka yeye, mimi namfuata kwao, uje ule ugali wako na ng'ombe. Usiniambie nimsalimie. Mwandikie wewe, karatasi nzima, na neno samahani liwe juu, si pembeni. Langu nimeshalisema.

Barua hii nimemsomea kabla ya kuifunga, neno kwa neno, hata pale pa askari jela. Akainuka, akafungua kamba ya sanduku, akaenda kuleta kifuniko na maji. Nikameza. Nikadhani tumemaliza. Akabaki amesimama mbele yangu, akasema, "Mama, toa ulimi."

Mwaka wa sabini na mmoja huu, Tšeliso, na nimeutoa.

'Malineo akirudi nitakuandikia hali yake, mwombee. Watoto wanakusalimu, mkubwa anasalimu akitetemeka kwa baridi, lete koti. Funika kifua na ule vizuri.

Ni mimi mama yako,
'Matšeliso