Njia ya Mbao Uliyoitaka

Baba Zuhura,

Wewe mzee si mtu mzuri. Mtu mzuri akidanganywa na mkewe husema. Ulibishana na mimi maisha yetu yote, mara chumvi imezidi, mara chai nyepesi, halafu lile la msitu ukanyamaza. Kwa nini ulininyamazia?

Nakukumbusha, maana huko uliko umepumzika na mambo yetu. Mjukuu wetu Mwanaidi alituma video kutoka Finlandi, huko kaskazini anakouguza wagonjwa. Njia ya mbao imepita katikati ya msitu wa misonobari, na mzee mmoja wa Kizungu anajisukuma kwenye kiti cha magurudumu kama yuko sebuleni kwake. Uliiangalia hapo barazani, ghorofani hapa Al Mankhool, Dubai, mpaka simu ikapata moto. Mtu uliyezeekea kwenye kitalu cha miche kule Lushoto, kiharusi kikakuchukua upande mmoja, mwanao Zuhura akakuleta huku kwenye mchanga. Ukasema, "Mama Zuhura, niulizie kwa Mwanaidi kama na mimi nitapita pale." Nikakaa siku mbili, nikakwambia nimeuliza, wamesema wageni wa viti hawapiti.

Sikuuliza. Mwanaidi alishaniambia njia ile imetengenezwa kwa ajili ya watu wa viti hasa. Niliogopa baridi ikumalize, nikuache umelala ugenini. Basi ukafia hapa, tukakuzika hapa, ugenini vilevile, na kivuli cha jani moja huna. Hiyo ndiyo akili yangu niliyokuwa najivunia.

Nilipotoka eda Mwanaidi akaniita kwake. Zuhura akasema nichukue kiti chako kwa sababu ya goti langu. Nikamfokea, nani kamwambia mimi siwezi kutembea? Kiti nikakichukua, lakini nikasema nakipeleka kikatembee badala ya mwenyewe.

Kufika kwenye ule msitu, nikakisukuma kitupu. Watu wananitazama, na mimi nawatazama. Mbao zile wamezipanga vizuri, Baba Zuhura, usingepata la kukosoa. Hakuna ngazi hata moja. Pembeni wamepigilia kibao cha kuzuia gurudumu lisitoke njiani. Na harufu ni ile ya koti lako ukirudi kutoka kwenye misonobari, lile nililokuwa nakuambia livue nje, usiniletee utomvu ndani. Hapo nilisimama kidogo. Usiniulize kwa nini.

Kufika kwenye daraja, goti likagoma. Mwanaidi alifunga breki ya kiti, akaningoja kama anavyongojwa mtoto mkaidi. Nikakaa. Nikakaa palepale ulipopabonyeza wewe, pana shimo lako bado.

Ndipo nikaona. Nilipokuwa nimesimama niliona mashina tu. Ukikaa, vitunda vya buluu viko usawa wa mkono wako, unachuma bila kuomba mtu. Ukingo wa daraja wameushusha, maji unayaona yote mpaka ng'ambo. Njia nzima wameipima kwa kimo chako, na mimi ndiye niliyekuzuia. Nikachuma kimoja, nikala. Kichachu. Ungekitema, halafu ungechuma kingine.

Nikamwambia Mwanaidi ukweli palepale. Mtoto akacheka kidogo, halafu akalia. "Bibi, babu alijua. Alinipigia mwenyewe. Nikamwambia njia ni ya watu kama yeye, aje. Akasema, basi, usimwambie bibi yako kama najua. Anaogopa kubaki peke yake."

Umeona sasa? Ulijua, ukakaa barazani na simu yako, kila siku unaniomba nikuwekee ule msitu, na mimi nakuwekea huku naugeuza uso. Ungesema. Ningekutukana kidogo, halafu ningefunga mizigo. Hata chai ya alasiri bado naipika ya watu wawili, kisha namlaumu Zuhura kwamba hanywi.

Na jingine nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa. Tangu nimetoka eda sijafika kaburini kwako. Nasema goti, kutoka getini mpaka ulipo ni mbali. Goti ni kweli. Lakini kiti kipo nyuma ya mlango, na ukweli mwingine ni kwamba sikutaka watu wa Dubai wanione nasukumwa. Kule msituni nimesukumwa mbele ya Wazungu, na sikufa. Khalas, yamekwisha.

Lala, mume wangu. Msamaha sitauomba kwenye karatasi. Nitakuja kuuomba hapohapo ulipo, na nitakuletea kijitawi cha msonobari nilichokificha kwenye kanga zangu, unuse.

Na wewe Zuhura, najua barua zangu unazisoma kabla sijazikunja. Toa kiti nyuma ya mlango, tia upepo magurudumu. Ijumaa alasiri unanisukuma kwa baba yako. Mchanga ukitukwamisha, muite mumeo, ashike upande mmoja.