Mstari Mmoja wa Mama

Massachusetts, mwezi wa kumi, 1630

Mwanangu Damaris,

Salamu nyingi, nyingi kuliko mawimbi tuliyovuka. Hujambo? Mumeo Gershom hajambo? Na mjukuu wangu Kezia, meno yameota? Sisi huku wazima kabisa, tunamshukuru Mungu.

Mwanangu, nchi hii! Kamba wa baharini wananishinda urefu, na mimi unanijua sikuzaliwa mfupi. Juzi nimemvuta mmoja, naye akanivuta, tukavutana mpaka jirani yangu Haskell akadhani nagombana na mtu. Bata mzinga wanakuja wenyewe mlangoni, tunawafukuza. Nyumba yangu nimeiezeka mwenyewe, ndiyo imara kuliko zote. Hata mchungaji anaionea wivu, nikamkumbusha kwamba wivu ni dhambi.

Tena huku hakuna askofu wa kutulazimisha sala za kitabuni. Uzeni vitu, njooni. Nataka kumpakata Kezia kabla magoti hayajaisha.

Mama yako anakusalimu. Safari hii naandika mimi, sababu mkono unamuuma kidogo.

Ndimi baba yako, mwezekaji bora pande zote mbili za bahari,
Zebulon

*

Suffolk, mwezi wa tatu, 1631

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika imelowa, lakini inasomeka. Kezia mzima, ana meno manne na anauma watu. Mimi sijambo kiasi.

Gershom yuko jela. Watu wa askofu walitukuta tuko tisa nyumbani kwetu tunasali bila kitabu chao, wakamchukua yeye mwenye nyumba. Jela hailishi mtu, kwa hiyo kila siku nampelekea mkate na supu. Ananiambia dirishani, "Mke wangu, usilie. Tumeimba zaburi mpaka mlinzi keshazijua." Kisha anasema nimchukue mtoto nije kwenu, yeye atafuata akitoka. Meli inaondoka mwezi wa tisa.

Sasa baba, nakujua. Yule samaki uliyemkosa mtoni kwetu, kila mwaka anazidi kunenepa. Na barua zote za nyumbani huandika mama. Mkono gani huo unaouma hata asiweke jina lake? Mwambie aniandikie mstari mmoja tu: njoo, au usije. Mama hajawahi kunidanganya. Akisema njoo, nambeba Kezia napanda meli.

Mwanao,
Damaris

*

Massachusetts, mwezi wa saba, 1631

Damaris mwanangu,

Salamu. Naomba barua ikukute mzima. Kaa chini kwanza.

Mama yako amefariki. Mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi. Mkono wake haukuwa unauma. Alikataa kuandika ile barua. Alisema, "Zebulon, uongo wako uandike mwenyewe. Mimi namwona Mungu karibuni."

Hakuna bata mzinga aliyekuja mlangoni. Tulikula kome wa mwambani na kokwa za mwaloni. Mama yako alimshukuru Mungu kwa wale kome kama kwa nyama ya harusi. Nikamwambia, "Bibi wee, shukrani yako ndefu kuliko chakula." Akajibu, "Ndiyo inayonishibisha, mzee. Wewe kula kome wako kabla hawajapoa." Na kweli, mimi niliyejisifu kwa mabavu nililia njaa kama mtoto, yeye hakulia. Meno yalilegea, miguu ikavimba, bado anaimba zaburi, kwa sauti mbovu ileile unayoijua. Alisema Mungu hamchapi asiye wake. Nikasema basi sisi tu wake mno. Akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho.

Ardhi ilikuwa jiwe kwa baridi. Tulikoka moto juu yake siku nzima ndipo koleo likaingia. Kaburini hatukusema neno, unajua sisi hatuwaombei waliokufa. Kinywa changu hiki, Damaris! Kilifungwa.

Barua yako ilipofika nilitaka uje. Niko peke yangu. Nikachukua karatasi aliyonakilia zaburi, nikaiga herufi zake: "Njoo, mwanangu." Niliiga hata yeye angedhani kaandika, maana mimi nikishika kazi huniwezi. Nikaitia mfukoni, nikangoja meli.

Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga, kwa ajili ya ukame. Mchungaji akasema kila mtu ajichunguze, ni dhambi gani imeziba mbingu. Nikasimama. Haskell akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, akanong'ona, "Haya, leo kamba ana urefu gani?" Nikatoa ile karatasi, nikasema yote. Hakuna aliyecheka. Haskell akanivuta nikae karibu naye, akanishika bega mpaka zaburi ikaisha.

Mvua haikunyesha. Wala kesho yake. Sikutungii. Lakini mimi nilirudi nyumbani mwepesi.

Karatasi nimeichoma. Mstari wa mama huna, una wangu tu: tulioshuka na meli iliyotuleta huku, katika kila watano tumezika wawili. Usije kwa maneno yangu. Amua mbele za Mungu, sio mbele yangu.

Baba yako,
Zebulon

*

Suffolk, mwezi wa tisa, 1631

Baba,

Shikamoo, na pole. Nasi pole. Nimelia, nimemaliza, nimeanza tena.

Barua yako nilimsomea Gershom dirishani. Anakohoa damu sasa. Wamemwambia aweke sahihi kwamba hatasali tena nje ya kanisa lao, atoke leo. Hataki. Akaniomba nirudie pale pa mama na kome, mara mbili. Tangu siku hiyo anaishukuria supu yangu mpaka inapoa, nami nagombana naye, naye anakunywa baridi akitabasamu.

Ungeniletea ile karatasi ningepanda meli, na hapa angebaki bila wa kumpa mkate. Meli imeondoka Jumanne. Sikupanda, baba. Sidhani nitapanda tena. Nisamehe.

Mwanao,
Damaris

*

Massachusetts, mwezi wa tano, 1632

Damaris mwanangu,

Salamu kwako, kwa Kezia, na kwa Gershom kama bado yupo. Kama hayupo, pole, mwanangu.

Nilijifungia na barua yako siku mbili, Haskell akaja kuuliza kama nimekufa. Umefanya vyema. Nisikudanganye, imeniuma.

Naimba zaburi za mama yako. Sauti yangu nzuri kuliko yake, uliza yeyote. Nikiimba zote, siku inapita. Miguu imeanza kuvimba na mimi, kwa hiyo meli ijayo isipoleta barua, usishangae.

Siku ya Bwana iliyopita mchungaji alihubiri mambo ya mwisho, kwamba katika nchi ile mpya bahari haitakuwapo tena. Haskell akanigusa kwa kiwiko: "Umesikia, mzee? Samaki ndiyo basi." Watu wakageuka wangoje jibu, maana mimi jibu sikosi. Nilikuwa nakuwaza wewe, huko ng'ambo ya bahari.

Mbusu Kezia.

Baba yako,
Zebulon