Mahali Patatu Pasipoandikwa

Wamaza, Jumatano, mvua imepungua kidogo

Yaya Zaituni,

Nakusalimu wewe dada yangu mkubwa, uliyenibeba mgongoni wakati wewe mwenyewe ulikuwa bado wa kubebwa. Mama anaendeleaje na ule mguu? Au bado anakataa kupumzika, akisema mguu ni wake na si wa daktari? Shemeji je, na watoto? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna habari njema, na ndiyo sababu barua hii ni ndefu. Isome kwanza peke yako, kisha umsomee Mama zile sehemu utakazoona anaweza kuzisikia. Anaileta motari mmoja wa pikipiki anayepeleka mawese Kasongo, na pale atatafuta mtu anayekuja Nyangwe.

Unakumbuka nilivyoondoka nyumbani. Ulicheka ukasema nimepata kazi ya kulipwa kwa kupiga domo. Mradi ulitaka mtu ajuaye Kifaransa, Kiswahili na Kibangubangu, awe mkalimani na mwandishi katika kambi ya Watwa, wale watu wa msituni, nusu siku kwa miguu kutoka hapa. Kazi yenyewe ilikuwa ya amani. Watwa na wakulima wamegombania msitu huu hadi kumwaga damu, na mradi ulitaka Watwa wenyewe wauchore, ili kila mtu ajue wapi ni pa nani.

Profesa wetu, mama mmoja kutoka ng'ambo, si mtu mbaya, nakuapia. Siku ya kwanza alikaa mavumbini kama sisi, akasema utafiti wa zamani ulikuwa mtoto wa ukoloni: mgeni anakuja, anauliza, anaondoka na daftari. Huu wa sasa, alisema, watafiti ni ninyi wenyewe. Niliyatafsiri maneno yale kwa sauti kubwa, kwa sababu niliyaamini.

Mkubwa wa kambi ni bibi kizee mmoja, Koko Feza; koko kwao ni bibi. Aliponisikia nikitafsiri aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nyangwe. Akasema, “Weye uko mutu ya Nyangwe. Zamani watu ya Nyangwe walipita huku na kamba ya kufunga watumwa. Walichukua dada ya koko yangu. Kule kwenu walimulaza wapi?”

Nikasema zamani ni zamani. Akasema, “Kwako njo zamani.” Nikayaona ni maneno ya uzee tu, nikafungua ukurasa mpya.

Tulichora ardhini siku nne. Vijiti vilikuwa mito, majani yalikuwa vijiji, maganda ya karanga yalikuwa miti ya asali. Wanaume walibishana, wanawake wakawasahihisha, na mimi nikanakili yote kwenye karatasi kubwa. Mwishoni zikabaki nafasi tatu tupu, kila moja kando ya kijito. Profesa akauliza pale kuna nini. Hakuna aliyejibu. Koko Feza alipapangusa kwa kiganja, pakawa peupe zaidi. Profesa akasema sawa, tuuheshimu ukimya wao. Naye aliuheshimu. Aliyeshindwa ni mimi.

Unaujua ugonjwa wangu. Mwalimu wetu alitupiga fimbo moja kwa kila nafasi tuliyoiacha wazi, na tangu hapo siwezi kuona nafasi tupu nikaiacha. Ndiyo maana watu wa mtaa walinipa barua zao za posa niwaandikie, nami nikawajazia hata mapenzi wasiyokuwa nayo. Lakini safari hii haikuwa tabia tu. Niliogopa. Mahali patupu kwenye ramani husomwa kuwa hapana mwenyewe, na pasipo na mwenyewe hugawiwa.

Nikamfuata Koko Feza akimenya mihogo, nikamweleza hofu yangu. “Pale njo tunalaza watu yetu,” akasema. “Mutu akikufa tunahama, na ile mahali hatutaji tena na kinywa. Hakuna kukata muti, hakuna kutega nyama, hakuna kutia muguu mu kijito. Nakuambia weye ju naona unaogopa kwa ajili yetu. Usiandike.”

Nikamwambia sitaandika. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni.

Kesho yake nikaandika. Niliweka misalaba midogo mitatu, na pembeni, kwa mwandiko wangu ule mnaousifu: makaburi, hapakatwi, hapachimbwi. Nilijiambia namkinga. Profesa alipouliza kama wenyewe wamekubali, nikasema ndiyo.

Ramani ikasomwa kwenye mkutano wa amani hapa Wamaza. Wakulima walikuwepo, na machifu, na watu wa serikali, na kila upande ukapewa nakala ili pasiwe na siri. Watu wakatia saini mkataba, wakapeana mikono, wakala mbuzi. Koko Feza hajui kusoma, lakini msalaba anaujua. Aliweka kidole juu ya mmoja, akanitazama, akaondoka bila kula.

Haikupita miezi miwili. Mtafuta dhahabu yeyote huku anatafuta kijito ambacho hakijaguswa, na mimi nilikuwa nimewaandikia vitatu. Walikuja na sululu na mashine ya kuvuta maji. Wanawake wa kambi walijua walipokwenda kuchota wakakuta maji yamekuwa tope jekundu. Vijana wakaenda na mishale. Mchimbaji mmoja akafa, mtoto wa nyumba ya wakulima niliokuwa nikila kwao. Wenzake wakarudi na mapanga na bunduki moja, wakachoma kambi nzima. Watwa watatu walikufa. Mmoja alikuwa mjukuu wa Koko Feza, Sifa, mwenye mimba, aliyekuwa akinicheka jinsi ninavyokula asali na nta yake. Siwezi kukuandikia zaidi juu ya siku ile. Mkataba wa amani bado umebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mradi, na saini zake zote.

Nilidhani Watwa wataniua, na kwa kweli sikuwa na la kujitetea. Nilimkuta Koko Feza walikokimbilia, nikapiga magoti, nikasema nimekosa. Hakunitukana. “Kuomba musamaha iko kazi ya kinywa,” akasema. “Kinywa yako tumeshaijua. Kwetu, mutu akitaja mahali ya wafu, yeye njo anawabeba.”

Hiyo ndiyo desturi yao, na miezi yote ile sikuwahi kuisikia kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya maswali yetu. Aliyetaja ndiye anayebeba. Basi ninabeba. Ninainama kwenye kokoto walizotupa wachimbaji, naokota mifupa, naiosha kwa maji ya mto mwingine, naipanga kwenye kikapu kilichotandikwa majani. Kisha natembea nyuma ya Koko Feza na mdogo wake hadi mahali papya. Njiani siruhusiwi kusema neno. Kidole cha mtu na jiwe dogo hufanana sana, Yaya, na nani alikuwa nani hakuna ajuaye tena. Kikapu cha kwanza kilikuwa chepesi mno. Nililia kwa ajili ya wepesi ule.

Tumemaliza kijito kimoja. Cha pili wachimbaji wamo ndani, kwa hiyo tunakwenda siku za soko, wakiwa wameshuka Wamaza kunywa. Wakitukuta, sijui. Hii usimsomee Mama.

Wiki iliyopita Profesa alirudi. Nilimwambia ukweli, kwamba idhini ile niliitunga mwenyewe. Alilia. Kisha akafuta macho, akasema basi tuandike desturi hii ya kubeba, tuonyeshe makaburi mapya yako wapi ili yalindwe kwa sheria, na safari hii tutafanya vizuri. Nilimtazama nikaona hofu ileile njema niliyokuwa nayo mimi. Nikakataa. Akaniuliza, “Bila ushahidi nitawateteaje?” Pengine amesema kweli, na watashindwa mbele ya hakimu kwa kukosa karatasi. Jambo hilo linanikosesha usingizi. Lakini ruhusa ile si yangu, na nilishaitoa mara moja. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, mimi nitatafsiri bila kuongeza.

Tulikwenda. Akauliza kwa maneno mengi mazuri, nami nikayatafsiri yote. Koko Feza akasema, “Hapana.” Nikatafsiri: hapana. Tangu nianze kazi sijatafsiri vizuri hivyo.

Siku hiyo niliacha kazi. Daftari nililokuwa nalo nilimkabidhi Koko Feza, naye akaliwashia moto wa kupikia sombe, majani ya mihogo. Sombe ile tulikula pamoja. Kambini kuna wasionisemesha bado, na mume wa Sifa hupisha njia akiniona. Sina haki ya kutaka zaidi.

Sasa nina ombi kwako. Siku tuliyolaza wa mwisho wa kijito cha kwanza, Koko Feza aliniuliza tena swali lake la mwanzo: dada ya koko yake, kule Nyangwe, amelala wapi? Safari hii sikusema zamani ni zamani. Nilikumbuka kile kichaka nyuma ya nyumba za kale, upande wa mto, tulipokatazwa kucheza. Unakumbuka siku ulipookota mapera pale? Mama alikuchapa, halafu akalia yeye. Hakuna aliyetueleza. Mpaka leo hapalimwi, hapakatwi kuni, na hatukuuliza. Miaka yote nilidhani nafasi tupu ni za watu wa msituni tu.

Muulize Mama. Mpate akiwa peke yake, kwa upole, na akikataa usimsukume. Koko Feza anasema nikimaliza vikapu atakuja nami kusimama pale. Nimemwambia njia ni mbaya na pikipiki zinaangusha watu. Amesema dada ya koko yake aliipita akiwa amefungwa shingo, kwa hiyo yeye ataipita.

Nisalimie Shemeji na cherehani yake, na umwambie suruali aliyonishonea ndiyo pekee iliyobaki. Msalimie mjomba anayeadhini, aniombee dua bila kuuliza ya nini. Mama jirani anayetuuzia chumvi, watoto wote, na shangazi wa Kasongo ukipata mtu wa kumfikishia. Mama mshike mkono kwa ajili yangu, ule wa kulia.

Na akikwambia ni kina nani waliolala pale, Yaya, usiniandikie. Kaa na neno hilo. Nitakuja kulisikia kwa kinywa chako.

Mdogo wako,
Ramazani