Onyo Jekundu la Maabara ya Maji

KITUO CHA POLISI, OFISI YA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini huitwa Fundi.
Umri: miaka 31
Kazi: fundi wa kompyuta na mtandao, maabara ya kupima maji
Makazi: nyumba ya kupanga, chumba cha tatu, nyuma ya soko la mboga
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 15, kuanzia saa 3:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Naeleza kuhusu mpimaji mkuu wa maabara yetu, mama wa miaka 56, ambaye sote tunamwita Mama Darubini kwa sababu jicho lake halibanduki kwenye darubini. Yuko mahabusu hapa tangu Ijumaa, akituhumiwa kubadilisha majibu ya kipimo cha maji ya shule ya bweni. Hakuyabadilisha. Nywila iliyotumika ni yake kweli, lakini njia ya kuipata niliifungua mimi.

Niliajiriwa pale miaka minne iliyopita. Mwaka jana niliwatengenezea wapimaji tovuti ya ndani, ili waingize majibu kwa simu zao wakiwa mezani, badala ya kuandika kwenye daftari kisha kunakili. Ili nywila isisafiri hewani waziwazi, tovuti inahitaji cheti, na kwa kawaida cheti hutolewa na taasisi ambazo simu zote zinazitambua. Tovuti yetu haionekani nje ya jengo, kwa hiyo nilitengeneza cheti mwenyewe na kukisaini mwenyewe. Hilo si kosa, ofisi nyingi hufanya hivyo. Ila ni kama mtu kujiandikia barua ya utambulisho. Simu haimjui aliyesaini, basi inatoa onyo jekundu: "Muunganisho huu hauaminiki."

Dawa yake naijua, na niliijua siku ile ile. Unachukua cheti, unakiweka ndani ya kila simu mara moja, na kuanzia hapo simu inakitambua. Siku akija mtu aliyejipachika jina letu, simu inapiga kelele, na kelele hizo zina maana. Ni kazi ya dakika kumi kwa simu moja, na simu zilikuwa kumi na nne. Nilisema nitaifanya wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo haijafika mpaka leo.

Badala yake nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilibandika karatasi ukutani, juu ya sinki la kuoshea chupa: "Ukiona onyo jekundu usiogope. Bonyeza ENDELEA." Chini nikatia saini yangu kwa mbwembwe. La pili ni baya zaidi. Kila mpimaji ana programu ya kutunza nywila kwenye simu yake. Niliwawekea mimi, maana walikuwa wanaziandika nyuma ya vitambulisho vyao. Programu hiyo ina akili kunishinda: ikikuta tovuti yenye cheti isichokijua, inakataa kujaza nywila. Wakalalamika. Nikachukua simu moja baada ya nyingine, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiamuru ijaze tu, cheti kiwe kinajulikana au hakijulikani. Kuzimaliza simu zote kulinichukua mchana mzima. Afande ameniuliza kama mchana huo ungetosha kuweka kile cheti. Ungetosha.

Mtu mmoja tu alinihoji, naye ni Mama Darubini. Aliniambia, "Mwanangu, simu inanikataza, wewe unaniambia niipuuze?"

Nikamjibu, "Mama, hiyo tovuti ni yetu wenyewe."

"Kama ni yetu, mbona simu haiijui?"

Wenzake walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Akasema kuuliza si ujinga, akarudi kwenye darubini yake. Baada ya wiki mbili hata yeye alikuwa anabonyeza bila kutazama. Mazoea yana taabu, na haya niliyazoesha mimi.

Mnamo Jumanne tarehe 9, saa 7:50 mchana, nilikuwa juu ya ngazi kwenye ukumbi wa katikati, nikipitisha waya juu ya dari. Mama Darubini alitoka chumba cha vipimo ameshika simu yake. Alisema, "Fundi, hii simu imeniuliza tena. Asubuhi nilishaijibu."

Naomba afande aliandike hili vizuri. Simu zetu zikishajibiwa asubuhi, hazirudii swali siku hiyo. Kurudia maana yake cheti kilichokuja mchana si kile cha asubuhi. Mtu wa kazi yangu akisikia hivyo anashuka ngazi hata kama waya unaning'inia. Mimi sikushuka. Nilimwambia, "Bonyeza Endelea tu, Mama."

"Una hakika?"

"Mama, nina kazi huku juu."

Akabonyeza pale pale chini yangu, nikimwona. Ukurasa ukamwambia huduma haipatikani, ajaribu baadaye. Akajaribu baada ya dakika tano, tovuti ikafunguka kama kawaida, akaendelea na kazi. Nami nikaendelea na waya wangu.

Ninavyoamini, palikuwa na kifaa kidogo ndani ya jengo kilichokuwa kinarusha mtandao wenye jina la mtandao wetu, na ndani yake ukurasa uliofanana na wetu, wenye cheti ambacho mwenye kifaa naye alijisainia. Simu ikashika mtandao uliokuwa karibu zaidi. Ikaonya, lakini onyo lilikuwa limeshageuzwa kelele za kila siku. Programu ikamwaga nywila kama nilivyoiamuru. Kisha mwenye kifaa akakizima, na simu ikarudi kwenye mtandao wetu.

Saa 8:25 mchana mtu aliingia kwenye tovuti yetu kwa jina la Mama Darubini na kubadilisha sampuli namba 212, ya tangi la shule ya bweni, kutoka "haifai kunywewa" kuwa "inafaa". Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha alitumia kompyuta ya mkononi. Mama Darubini hana kompyuta ya mkononi, na hajawahi kuingia ila kwa simu yake. Mkuu wa maabara alipozisoma kumbukumbu hizo alisoma jina, hakusoma safu inayofuata. Mimi niliisoma Ijumaa ile ile.

Chumba cha kusubiria wageni kinapakana ukuta na meza yake, na mtandao wa wageni nao ulikuwa unafika kwenye tovuti, jambo ambalo pia ni uzembe wangu. Siku hiyo palikaa mgeni mmoja aliyefuata fomu ya maombi ya kupimiwa maji, kazi ya dakika tano. Alikaa tangu saa 7:20 mpaka saa 8:40, begi liko mapajani. Nilimpita mara mbili nikiwa na ngazi, na mara ya pili alinisaidia kushika mlango. Sisemi ndiye. Daftari la wageni lipo mapokezi, nanyi ndio wapelelezi.

Mnamo Alhamisi tarehe 11 wanafunzi ishirini na watatu wa shule hiyo walipelekwa hospitali wakiharisha na kutapika. Hakuna aliyefariki, namshukuru Mungu. Mpaka jana jioni wanne walikuwa bado wamelazwa. Nimekwenda kuwaona, nikaishia mlangoni.

Mnamo Ijumaa tarehe 12, saa 4:30 asubuhi, askari walikuja kazini. Mkuu wa maabara aliwaambia nywila ni ya mtu mmoja, hivyo aliyebadilisha anajulikana. Mama Darubini hakubisha. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Afande akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi, akaniuliza kama kuna njia mtu mwingine angeweza kuingia kwa jina lake. Nilijibu, "Mfumo uko salama." Maneno hayo yamo kwenye jalada lenu. Ni uongo, na naomba kuyafuta.

Kisha, askari walipokuwa wanabeba kompyuta kuzipeleka garini, nilikwenda kwenye sinki nikajifanya nanawa mikono. Nikaibandua ile karatasi, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni. Hakuna aliyeniona. Leo nimeikabidhi kwa afande kama kielelezo. Saini iliyo chini ni yangu, na mbwembwe ni zangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, saa 9:00 alasiri, nilikuja hapa kumwona. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. Aliniuliza kupitia nondo, "Mwanangu, wewe ndiye unayevijua hivi vitu. Nilikosea wapi? Nimefikiri usiku kucha, sioni."

Nilimjibu, "Sijui, Mama."

Akasema, "Basi usijitese. Nenda kapumzike."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama huyu siku yangu ya kwanza kazini alinigawia nusu ya meza yake kwa sababu sikuwa na meza. Hakubonyeza kwa uzembe. Aliona jambo, akaja kuuliza kwa anayehusika, akajibiwa vibaya, akatii. Kama kumtii fundi ni kosa, basi mfungeni kila mtu pale maabara.

Simu yake mnayo ninyi. Naomba ifunguliwe sehemu ya vyeti vilivyokubaliwa. Mtakuta viwili vya Jumanne tarehe 9 vyenye jina la tovuti yetu. Kila cheti kina mfuatano wake wa herufi na tarakimu, na haufanani na wa kingine. Wa cheti chetu nimeuandika kwa mkono wangu kwenye karatasi niliyoambatisha. Nikiwa nasema uongo, tarakimu zitaniumbua.

Najua naweza kufukuzwa kazi, na afande amenieleza kwamba kuficha kielelezo ni kosa lenye kifungo. Naogopa, sitaficha. Siku tatu nimekuwa nikitafuta maneno yatakayomtoa yeye bila kuniingiza mimi, na sijayapata. Naomba tu asomewe maelezo haya, kwa sababu aliniuliza swali nikamnyima jibu.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nimesomewa, nimeyasikia, nami nayakubali kwa saini yangu.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA MPELELEZI

Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe, kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake. Nimepokea karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Saa 4:50 asubuhi simu ya mtuhumiwa imefunguliwa mbele ya shahidi na mkuu wa kituo. Vyeti vya tarehe 9 ni viwili. Kimoja kinalingana na tarakimu alizoandika shahidi, cha pili hakilingani. Shahidi ameambiwa asiondoke kituoni.

Saa 5:40, kwa idhini ya mkuu wa kituo, nimemsomea mtuhumiwa maelezo haya kama shahidi alivyoomba. Amesikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomuuliza kama ana la kusema, alisema maneno haya tu, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Huyo mtoto amekula?"