Sahani Iliyokwenda kwa Bibi Salima

Mpendwa Mama Furaha,

Wazazi wenzangu wa Kasongo wameniomba niwaeleze namna ya kulea watoto wenye simu mkononi. Nimeona heri niseme nawe, nao wasikie, kwa kuwa nyumbani sina tena wa kuzungumza naye mambo haya.

Unakumbuka Jumapili zetu baada ya misa. Hapakuwa na mtu wa kugusa bugali kabla sahani ya kwanza haijapelekwa kwa jirani yetu, Bibi Salima. Furaha, akiwa bado mdogo, aliishika kwa mikono miwili, nawe ukamwambia mlangoni, "Usiiweke chini ukimbie. Umungoje akuangalie." Nililalamika kwamba sombe inapoa. "Papa Furaha, tumbo lako halijui jirani?" ulinijibu, tukacheka.

Tangu ulipotutoka, sahani hiyo ilikaa kabatini.

Majuzi Bibi Salima aliteleza kwenye pikipiki karibu na kwetu, akitoka Kabambare. Alilala katika matope, kilemba kimemtoka kichwani. Binti yetu Furaha alimpiga video, akaituma kwa wanafunzi wenzake. Nilipomuuliza, hakuinua macho. "Papa, watu wanacheka tu. Hata hakuumia."

Niliogopa, mke wangu. Kumnyang'anya simu kulikuwa rahisi. Nilichokitaka ni kwamba amwone tena yule mama kuwa mtu. Jumapili nilipika mwenyewe, nikampa sahani yako.

"Simu iache hapa."

"Nitamuambia nini?"

"Mungoje akuangalie."

Alikawia. Nilikaa mbele ya chakula peke yangu, simu yake ikilia mezani kwa vicheko vya watu nisiowajua, kiti chako kikinitazama.

Alirudi macho yamevimba. Kama ilivyo desturi yetu, sahani haikurudi tupu: ilijaa karanga.

"Alikuwa hajui habari za video, Papa. Hana simu. Nilimuambia mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Alionja chakula chako. Kisha akasema nilete tena Jumapili, lakini wewe usipike."

Video hiyo ingali inazunguka huko tusikofika. Binti yetu ameomba ifutwe, na wengine wamemcheka yeye. Sina dawa ya hilo. Lakini Jumapili hii ameamka mapema, anatwanga majani ya muhogo ya sombe bila kuambiwa.

Siku ile, niliposikia maneno ya Bibi Salima, nilicheka kwa sauti, nikageukia kiti chako ili nawe ucheke.

Pumzika salama.

Mumeo,
Papa Furaha