Mashine ya Mbari

Mweiga, Jumamosi, Agosti 1971

Sasa nitaiweka wapi? Imeziba mlango, na mtu mmoja hawezi kuiinua.

Mzee Kariuki, jirani yangu, aliniambia juzi: "Mwalimu, wewe unajua mambo ya stima. Tuchagurie mashine ya sinema. Ya mbari." Nami, mtu wa Kakamega niliyezoea kugeuza r za hapa kuwa l, nikasikia "mbali". Nikajua anataka ya kuonyesha uwanjani, watu waone kutoka mbali.

Dukani Nyeri zilikuwa mbili. Ile ndogo unaibeba kwa mkono, inatumia betri ya gari, na picha yake inatosha ukuta wa chumba. Niliidharau. Nikachagua hii kubwa, inayotaka jenereta na kiwanja kizima. Nikajisifu njia nzima!

Jioni mzee aliizunguka mara mbili, akauliza polepole, "Hii itaingia kwa nyumba ya mama?"

Mama yake hatoki kitandani tena, na hajawahi kuona sinema. Kumbe mbari ni ukoo, kwa Kikuyu. Ukoo wote unakuja kesho baada ya kanisa, wakae naye chumbani waangalie pamoja.

"Mzee, si ungesema ukoo?"

"Nilisema mbari, Mwalimu. Ati wewe ulisikia nini?"

Nikainama, nikaanza kukunja waya wa mashine.

Duka halifunguliwi hadi Jumatatu. Naogopa yule mama hatangoja sana.

Miaka mitatu nimekuwa nikisahihisha r zao kimoyomoyo. Juzi nilisahihisha ile iliyokuwa sahihi.